Jitu Nililoliona Mara Mbili

Macho ya mtoto na macho ya mtu mzima hukaa katika kichwa kimoja, lakini hayaoni kitu kimoja. Neno hili niliambiwa na wazee nilipokuwa na umri mdogo kuliko wako, msomaji kijana, nami sikulisadiki. Niliona kuwa mlima ni mlima na mto ni mto, na mwenye kuutazama leo atauona vivyo hivyo kesho. Ilinipasa kuishi miaka 34 zaidi, na kumzika baba yangu, ndipo nikatambua kuwa wazee walisema kweli. Tena kilichonifundisha hakikuwa kitabu wala hotuba. Ilikuwa filamu moja ya zamani ya televisheni, yenye jitu lililopakwa rangi mwili mzima, ambayo nimeitazama mara mbili tu maishani mwangu: mara ya kwanza mwaka 1985, na mara ya pili mwaka 2019. Niruhusu nikusimulie habari zake, kwa kuwa nadhani iko siku zitakufaa.

Kwetu ni nchi ya chai, mahali ambapo Kericho na Bomet hupakana. Kama hujapata kufika huko, fikiri juu ya vilima vilivyokatwa sawasawa kwa juu, kama kichwa cha mtu aliyetoka kwa kinyozi sasa hivi, navyo vimeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa na jua jema. Alasiri, siku nyingi za mwaka, huwa na mvua. Chai hupenda nchi ya namna hiyo. Makampuni ya kigeni yalianza kuipanda kwa wingi huko Kericho katika miaka ya 1920. Wakulima wadogo walikuja baadaye, na chai yao ilipata nguvu hasa baada ya mwaka 1964, ilipoundwa KTDA, mamlaka ya kusimamia chai ya wakulima wadogo, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni. Baba na mama walikuwa miongoni mwa wakulima hao. Walikuwa na ekari moja, waliyoipanda kwa mikono yao miwili na miwili, mche kwa mche, kabla mimi sijazaliwa.

Maisha ya mkulima mdogo wa chai si magumu kuyaeleza. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, huyatia kapuni, huyabeba mgongoni hadi kituo cha kupimia, huandikiwa kilo zake, kisha hungoja. Kila mwezi hupata malipo kidogo, na mara moja kwa mwaka hupata bonasi. Karo hutoka humo, sukari hutoka humo, na dawa hutoka humo. Majani yakikosekana, yote hayo hukosekana pamoja nayo.

Mwezi wa Mei mwaka 1985, wakati wa masika, mama alishikwa na ugonjwa ghafula usiku. Baba alikimbia kwa jirani aliyekuwa na pikapu, akaiomba, akaja nayo. Walimlaza mama nyuma juu ya godoro, wakamfunika turubai, wakaondoka: jirani akiendesha, baba na kaka yangu mkubwa wakiwa nyuma pamoja na mama. Mimi, niliyekuwa na umri wa miaka 12, niliachwa nyumbani niwalinde wadogo zangu. Mvua ilinyesha usiku kucha. Barabara yetu wakati huo ilikuwa ya udongo mwekundu, na masika yalipokolea iligeuka kuwa uji. Alfajiri walirudi. Mama alikuwa amefariki katika pikapu, kwenye mlima uliopo kabla ya kufika barabara ya lami. Sikuambiwa zaidi ya hayo, wala sikuuliza.

Siku chache baada ya maziko, niliamshwa usiku na sauti nisiyoitambua, sauti kavu ya kitu kikikata kitu, mara baada ya mara, bila ya kupumzika. Kulipokucha tulitoka nje tukaona. Baba alikuwa ameingia katika chai kwa panga. Zaidi ya nusu ya ekari ile ilikuwa imelala chini, matawi juu ya matawi, na mwenyewe ameketi kando ya njia, mikono yake imechubuka, wala hatazami mtu. Hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Sina budi kukueleza kuwa mti wa chai ukikatwa haufi. Kila baada ya miaka michache wakulima huupogoa makusudi, nao huchipua upya. Lakini kupogoa ni kazi ya kipimo na ya majira, na aliyoyafanya baba usiku ule hayakuwa na kipimo wala majira. Kwa miezi mitatu na zaidi tulichuma nusu ya tuliyozoea kuchuma, na deni la maziko lilikuwa likitungoja. Kaka yangu alikuwa katika kidato cha pili. Alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akaenda kufanya kibarua cha kuchuma chai katika shamba la kampuni ili atusaidie, naye hakurudi shuleni tena. Alikuwa na akili kuliko mimi. Tangu siku ile yeye na baba walizungumza juu ya kazi, na ng'ombe, na mvua, lakini hawakuzungumza juu ya jambo jingine lolote.

Mwezi wa Agosti shule zilipofungwa, mjomba wetu, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai huko Kericho, alinichukua nikae naye kwa majuma mawili. Jumamosi moja jioni watoto wa kambi tuliitwa katika ukumbi wa wafanyakazi. Mtu mmoja aliyetoka Nairobi alikuwa amekuja na mashine ya video na kanda kadhaa, akaiunganisha na televisheni ya ukumbi, ambayo haikuwa na rangi ila nyeupe na nyeusi. Hapo ndipo nilipoliona lile jitu kwa mara ya kwanza.

Filamu ile inaitwa The Incredible Hulk. Ilionyeshwa kwanza Marekani tarehe 4 Novemba mwaka 1977, nayo ilitengenezwa iwe jaribio. Watu wa televisheni, kabla ya kutumia fedha nyingi kutengeneza vipindi vingi vya hadithi moja, aghalabu hutengeneza kimoja cha kwanza, wakawaonyesha watazamaji, wakangoja kuona kama kitapendwa, mfano wa mkulima apandaye kitalu kidogo kabla ya kulima ekari nzima. Jaribio hili lilipendwa, na vipindi vilivyolifuata vilionyeshwa tangu mwaka 1978 hadi mwaka 1982. Jitu lenyewe lilikuwa na umri mkubwa zaidi: lilibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby katika kitabu cha picha cha mwaka 1962. Aliyeiandika na kuiongoza filamu ni Kenneth Johnson. Mtaalamu ambaye hugeuka kuwa jitu aliigizwa na Bill Bixby, na jitu likaigizwa na Lou Ferrigno, mtunisha misuli ambaye alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake tangu utotoni.

Lakini siku ile mimi sikujua hata moja katika hayo. Niliona mtu mwembamba, mpole, akiteseka katika mvua kubadilisha gurudumu la gari lake usiku. Chuma kikamponyoka, akaumia mkono, akakasirika. Macho yake yakabadilika. Mabega yakavimba, shati likapasuka, na palipokuwa na mtu pakasimama jitu, likaliponda gari lile kwa mikono yake kama mtu apondaye kopo. Ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha. Nami nilipiga kelele, na huku napiga kelele nalikuwa nalia, wala sikujua kwa nini. Nilichokijua ni kimoja tu: kwamba kama baba yangu angalikuwa na nguvu zile usiku wa mwezi wa Mei, mama angalifika hospitali.

Mvulana mmoja mkubwa, aliyepata kuiona filamu hiyo mjini, alituambia kuwa jitu lile si la kijivu kama tulivyoliona, bali ni la kijani, kijani kama chai. Neno hilo lilinikaa moyoni. Niliporudi nyumbani, miti ya baba ilikuwa imeanza kuchipua, na machipukizi yake yalikuwa laini, yanang'aa. Nikaingia shambani peke yangu, nikayachuma mengi, nikayafikicha kwa nguvu juu ya mikono yangu na kifua changu, nikingoja kuwa wa kijani. Kwa kitambo kidogo nilikuwa hivyo kweli. Kisha, msomaji, ikatokea jambo ambalo mjomba angeweza kunieleza kama ningemwuliza, kwa kuwa ndiyo kazi ya kiwanda chake: maji ya jani la chai lililopondwa yakikutana na hewa hayadumu katika ukijani, hugeuka kuwa kahawia. Ndivyo chai ya majani meusi inavyopatikana. Basi nami niligeuka kahawia, nikawa na mabaka mwili mzima kama ng'ombe.

Baba alinikuta katika hali hiyo, miguuni pangu pametapakaa machipukizi ya kwanza tuliyoyangoja miezi mitatu. Nilijua kuwa nitapigwa, tena kwa haki. Akayatazama machipukizi, akanitazama mimi. Akaniuliza nilitaka nini. Nikamwambia kweli: nalitaka kuwa na nguvu. Alisimama kitambo kirefu. Kisha akaenda akaleta maji katika karai, akapiga magoti, akaniosha mikono mmoja baada ya mwingine, polepole, wala hakusema neno. Madoa hayakutoka yote. Nilishukuru kwamba sikupigwa, nikakimbia kwenda kucheza, na jambo hilo nikalisahau kwa miaka mingi.

Baba yangu alifariki mwezi wa Julai mwaka 2019, akiwa mzee wa siku nyingi. Mimi wakati huo nalikuwa mwalimu katika shule moja ya Bomet, na kaka yangu alikuwa dereva, naye hakuwa amelala nyumbani kwa baba kwa miaka mingi. Alikuja kwa maziko, akabaki kwa sababu ya wageni. Jioni moja wageni walipopungua, tuliketi sebuleni, yeye na mimi na binti yangu, aliyekuwa katika kidato cha tatu. Hatukuwa na la kusema. Katika kutafuta la kusema, nikamsimulia binti yangu juu ya jitu la kijivu na machipukizi ya chai. Akacheka, akachukua kompyuta yake, na kabla chai haijapoa alikuwa ameipata filamu ile ile katika intaneti. Kaka akasema yeye hajapata kuiona. Tukaiweka kompyuta juu ya meza, tukaitazama.

Mtu mzima anaporudi kwenye mambo aliyoyatukuza utotoni, la kwanza analoliona ni upungufu wake. Niliona kuwa nywele za jitu ni za bandia. Niliona kuwa rangi imepakwa kwa mkono, na pengine si sawasawa. Binti yangu akauliza, "Baba mkubwa, mbona shati lake hupasuka lote na suruali haipasuki?" Kaka akamjibu kuwa labda suruali ilishonwa na fundi mwaminifu. Tukacheka sote watatu, na nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko kwa siku kadhaa.

Nimetangulia kukueleza habari za kicheko, lakini filamu yenyewe haianzi kwa jitu. Huanza kwa jambo ambalo mimi, nilipokuwa mtoto, nililiona na sikulikumbuka hata kidogo, kwa kuwa nalikuwa nikingoja jitu litoke. Mtaalamu yule, ambaye jina lake ni David Banner, anasafiri garini pamoja na mkewe. Gari linapinduka. Yeye anatupwa nje, mkewe anabaki ndani, na gari linashika moto. Banner analishika gari kwa mikono yake miwili ili aliinue. Anajikaza mpaka mishipa inamtoka. Gari haliinuki, na mkewe anakufa.

Kwa sababu hiyo yeye, aliye mtaalamu, anaanza kuchunguza habari za watu wa kawaida waliopata nguvu za ajabu katika saa ya hatari, kama mama mmoja aliyeinua gari ili amwokoe mwanawe. Anataka kujua siri yao. Lakini utafiti wake wote una swali moja chini yake, na swali hilo si la elimu: Kwa nini wao waliweza, na mimi nikashindwa?

Gari lilipokuwa likiungua, nilimtazama kaka yangu. Alikuwa ameweka kikombe chini. Akamwambia binti yangu asimamishe filamu kidogo. Kisha akasema, akiitazama meza, si mimi:

"Baba alifanya vile vile."

Nikanyamaza. Akaendelea.

"Pikapu ilizama mpaka kwenye ekseli. Tulikata matawi tukayatia chini ya magurudumu, haikusaidia. Baba akaingia katika matope, akaliweka bega lake chini ya chuma cha nyuma, akawa anainua. Mimi nilikuwa kando yake. Mama alikuwa akituita kwa majina. Halafu akanyamaza. Nikamwambia, Baba, mama amenyamaza. Baba hakuacha. Alikuwa ameelewa, ndugu yangu, lakini hakuacha. Aliendelea kusukuma mpaka kulipopambazuka, na watu wakaja wakamwondoa kwa nguvu."

Kwa miaka 34 alikuwa ameyabeba hayo peke yake, na mimi sikujua. Nilijua habari za panga tu. Nilijua kwamba baba yetu alikasirika, akakata chai, na kwa hasira zake kaka akakosa shule. Hayo ni kweli, na hayageuki. Lakini nilikuwa nimeisoma hadithi kuanzia ukurasa wa pili, kama nilivyoitazama filamu kuanzia pale jitu lilipotokea.

Binti yangu alisubiri, kisha akauliza kwa upole kama aendelee. Kaka akasema, "Endelea, mwanangu." Tukaitazama hata mwisho. Na sasa kila kitu kilikuwa kingine. Banner anajipiga kwa miale ya gama akitafuta zile nguvu, na mashine inampa nyingi kuliko alizozitaka. Usiku ule wa mvua anazipata hatimaye, na kitu cha kwanza anachokifanya nazo ni kuponda gari. Utotoni nilishangilia. Sasa niliona kuwa gari lile halikumkosea. Alikuwa akiliponda gari jingine, lililokwisha kuungua zamani. Kisha jitu linamkuta msichana mdogo kando ya ziwa. Linataka kumsaidia, naye analiogopa na kulia. Utotoni nilimcheka msichana yule kwa woga wake. Sasa niliwakumbuka wadogo zangu walivyojificha nyuma ya ghala siku ile ya panga, na baba ameketi kando ya njia na mikono iliyochubuka, akituona tukimwogopa.

Mwisho wa filamu ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Rafiki na mwenzake Banner katika utafiti, daktari wa kike aitwaye Elaina Marks, ananaswa katika maabara inayowaka. Safari hii nguvu zipo. Jitu linaingia katika moto na kumtoa. Utasema, hapo deni limelipwa. Lakini la, mwanamke yule anafia mikononi mwa jitu, msituni, na jitu halina hata neno la kumwambia, maana halijui kusema. Siku ya pili watu wanaamini kuwa Banner amekufa na kwamba jitu ndilo lililoua, naye anaondoka peke yake, mtu asiye na jina. Kenneth Johnson amepata kueleza kuwa alipoandika hadithi hii alikuwa na mawazo ya Les Misérables, riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862, yenye mtu anayekimbia na mwingine anayemfuata. Amesema tena kuwa alitaka jitu liwe jekundu, kwa kuwa wekundu ndio rangi ya ghadhabu, akakataliwa. Lilibaki la kijani. Nami nilifikiri juu ya yale machipukizi yaliyogeuka kahawia juu ya mikono yangu, na juu ya mtu aliyeyaosha kwa maji ya karai, akiwa amesikia kutoka kwa mtoto wake kuwa anataka nguvu. Alijua nilizitaka za nini. Yeye alizitaka kabla yangu.

Huenda umefundishwa methali isemayo kuwa hasira ni hasara. Ni methali ya kweli, na mimi mwenyewe nimeiandika ubaoni mara nyingi. Lakini nimejifunza kuwa mara nyingi hasara ndiyo hutangulia. Mtu hupoteza kitu ambacho hakuweza kukiokoa, na zile nguvu alizozihitaji saa ile humjia baadaye, wakati hazina kazi tena. Haziwezi kuinua pikapu iliyokwisha kuinuliwa. Basi hutafuta cha kukata. Hasira, kwa watu wengi, ni nguvu iliyochelewa.

Usinielewe vibaya. Sisemi kuwa baba yangu hakukosa. Kaka yangu alipoteza masomo yake, na hakuna filamu wala machozi yanayoweza kuyarudisha. Kuijua sababu ya kosa si kulifuta kosa. Mwenye uchungu ana haki ya kulia, lakini hana haki ya kulikata shamba ambalo wengine hula. Kama baba angaliweza kusema na kaka siku moja tu yale waliyoyaona pamoja katika matope, labda chai ingalikatwa vivyo hivyo, lakini wao wawili wasingalikatana. Jitu la filamu halina maneno, na hilo ndilo linalolifanya jitu. Baba naye hakuwa na maneno. Alikuwa na maji na karai, na yalimfikia mtoto mmoja tu, tena mtoto asiyefahamu.

Nawe, msomaji kijana, u katika umri ambao nguvu zinakujia kila siku, na mambo ya kukukasirisha hayakosekani. Umepata kusikia habari za mabweni yaliyochomwa na wanafunzi wenyewe kwa hasira, na vijana wenzao wakafa humo. Siku utakapohisi mabega yako yanavimba, jiulize kwanza: Ni gari gani hili ninalotaka kuliponda? Ndilo lililonikosea, au ni lile la zamani? Na siku utakapomwona mtu mzima aliyegeuka jitu mbele yako, ukimbie ujiokoe, kwa kuwa jitu huumiza hata lisipokusudia. Lakini ukiisha kuwa mahali pa salama, usiisome hadithi yake kuanzia ukurasa wa pili.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikasikia shambani sauti ile ile niliyoisikia utotoni, sauti kavu ya kitu kikikata kitu. Moyo ulinishtuka, nikatoka nje bila viatu. Alikuwa kaka. Miti ya baba ilikuwa imepita wakati wake wa kupogolewa, kwa kuwa mzee aliugua muda mrefu, na majira ya baridi ndiyo majira ya kazi hiyo. Alikuwa amelitwaa panga la baba, amelinoa, naye anapogoa mstari kwa mstari, akipima kila mti kwa kijiti ili yote ilingane kimo. Nilimwuliza kama nimsaidie. Akanionyesha mstari wa pili.

Tulifanya kazi mpaka mvua ya alasiri ilipokuja.